Kadi ya Kuwekeshwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimepokea ndizi za Marangu mapema. Za mshare ni safi. Kitarasa zimechubuka, dereva alizilaza chini ya magunia ya viazi. Nimemsema vya kutosha. Mvua kidogo asubuhi, halafu jua. Wateja wa kawaida.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Aichi mezani, mkono shavuni, anaitazama kompyuta kama mtu anayesubiri maharage yaive. Lile gemu. Mtu amepotea mlimani kwenye theluji. Anatafuta kuni, anatafuta chakula, asipopata anakufa. Mimi naona hiyo ni kazi ya wapagazi, siyo mchezo. Lakini Wazungu waliolitengeneza wanataka liseme Kiswahili. Wameomba watu wengi, na wamemchukua binti yangu kwa majaribio. Mwanangu wa hapa Pasua, Moshi. Akifanya vizuri mpaka mwisho wa mwezi, wanampa kazi ya kudumu. Hajambo kwa lugha huyu mtoto. Tangu darasa la tatu alikuwa anasahihisha matangazo ya kanisani.

Maneno ameshayatafsiri. Sasa anatakiwa kulicheza gemu lote, mwanzo mpaka mwisho, asome kila neno pale lilipokaa. Lililokatika, lililotoka nje ya kisanduku, yote ayaandike. Kompyuta yake haiwezi. Mtu wa kwenye gemu anainua mguu, unakwenda bombani kuchota maji, unarudi, mguu bado uko juu.

Anasema inatakiwa kadi ya picha. Nimemwambia tutanunua. Sijui ni kitu gani. Tutanunua.

Jumatano, 5 Machi

Tumekwenda kwa Shabani, fundi wa kompyuta karibu na stendi. Kijana mpole, ana maneno mengi. Nimeelewa nusu, na hiyo nusu naiandika.

Kadi ya picha ni kipande kinachoingia ndani ya kompyuta, kinachora kile unachokiona. Kina memori yake chenyewe. Gemu lililotengenezwa vizuri linakula kidogo. Hili limetengenezwa vibaya. "Mama Aichi, waliolipika ni wavivu," Shabani amesema. "Linachora mpaka miti iliyo nyuma ya mlima, ambayo mchezaji haioni." Nimemwambia basi hiyo ni kama kupika pilau la harusi kwa wageni ambao hawajaalikwa. Amecheka, akasema atalitumia hilo neno kwa wateja.

Aichi amewaandikia wenyewe gemu. Wamejibu kwamba wanajua, watalirekebisha siku za usoni. Siku za usoni. Mwisho wa mwezi hauwangoji.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeona kadi. Nilifunga kibanda mapema kwa ajili hiyo, na sijutii.

Kuna kampuni ya kijani na kampuni nyekundu. Vijana wanazibishania kama Simba na Yanga. Ya kijani ilikuwa mpya, ndani ya boksi, nailoni haijatolewa. Nzuri kwa macho. Aichi akauliza memori. Ndogo. Akaiweka chini. Amesema gemu hili litaijaza kabla mtu hajawasha hata moto wa kwanza, halafu litaanza kukwama.

Ya pili ilitoka Arusha, imeshatumika. Kubwa, feni tatu, nzito kama tofali. Hiyo ndiyo niliipenda. Ng'ombe mzuri unamjua kwa mgongo. Nikasema tuchukue hii. Aichi akasema, "Mama, siyo ng'ombe." Shabani akaeleza kwamba ilikuwa inachimba pesa za mtandaoni, mchana na usiku, bila kupumzika. Akaizungusha feni moja kwa kidole, ikalia. Ng'ombe aliyekamuliwa hivyo hata mimi sinunui. Na isitoshe haikuingia kwenye sanduku la kompyuta, ilibaki inachungulia nje.

Ya tatu ni nyekundu. Siyo mpya sana, siyo kubwa sana, memori yake inatosha. Aichi alichagua hiyo bila kusita. Lakini inakula umeme mwingi, kwa hiyo na pawa saplai, kile kipande cha kuipa kompyuta umeme, ibadilishwe. Vyote viwili hatuvifikii. Sitaandika hesabu hapa, inanichosha.

Mtoto hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Jumapili, 9 Machi

Ibada ya kwanza. Mchungaji alihubiri muda mrefu. Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa mazao nje, kama kawaida. Nilinunua chane ya ndizi ambazo mimi mwenyewe nilizitoa sadaka. Watu wakacheka. Acha wacheke, madhabahu imepata mara mbili.

Mama Manka, jirani yangu, alikuwa anaeleza habari za kijana wake anayesoma India. Kila Jumapili India. Nami nikawaambia kwamba Aichi amechukuliwa na Wazungu. Mama Manka akauliza amekwenda lini. Nikasema haendi, wao ndio wanakuja, kwa kompyuta. Akakunja midomo. Nimelala mchana vizuri sana.

Jumanne, 11 Machi

Nimepanda Marangu mwenyewe kuchagua ndizi. Ukungu, Kibo haikuonekana kabisa. Kwa Mama Godi, ambaye ndiye ninayenunua kwake tangu mwanzo. Mjane, mtu mzima, kihamba chake, shamba la hapohapo nyumbani, kisafi kuliko sebule za watu. Nimempa shikamoo, akanikalisha jikoni, akanipa mtori.

Nikamweleza shida ya mtoto. Nilikuwa naongea tu, sikuomba kitu. Halafu akanishika mkono akanipeleka chumbani kwa Godi, mwanawe. Godi alikuwa anapanda mlima na wageni na kuwatengenezea video. Sasa yuko ng'ambo kikazi. Kompyuta yake iko pale mezani, imefunikwa kitenge. Alimwambia mama yake, hii ni yako, fanya unavyotaka. Yeye hajui afanye nini nayo. Anaifuta vumbi.

Nikaipiga picha kwa simu nikamtumia Aichi. Akajibu hapohapo kwa herufi kubwa. Kadi ya humo ndani ni kubwa kuliko zote tatu za Shabani.

Mama Godi hakutaka kuuza. Alisema, "Nitakuwekesha." Nikaelewa mara moja. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Mmoja anamwekesha kwa mwenzake. Anayemfuga anakunywa maziwa na kuchukua mbolea. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, hata akikaa kwa mtu miaka. Na siku mwenyewe akimtaka, anarudi.

Alitaka jambo moja tu. Isisemwe imeuzwa. "Wakwe zangu wana midomo," alisema. "Wakisikia nauza vitu vya Godi, watampigia simu kwamba mama yako analala njaa, wewe unakula raha ng'ambo." Nikamwapia. Nikamwambia, mama, mdomo wangu ni kaburi.

Aichi alinielekeza kwa simu, nikachomoa kadi na pawa saplai yake, nikavifunga kwenye khanga. Sanduku limebaki. Njia nzima nilivipakata kama mtoto mchanga.

Alhamisi, 13 Machi

Shabani amefunga kila kitu. Limeenda! Yule mtu anatembea, theluji inaanguka, moto unawaka mpaka nikasikia joto usoni. Bado linakwama kidogo akiingia kwenye msitu mnene, lakini Shabani anasema hapo hata kadi ya rais ingekwama. Uzembe ni wa gemu.

Sharti moja, nisipige pasi Aichi akiwa kazini. Umeme wa mtaa wetu ni mdogo. Nguo zitavaliwa na mikunjo. Siyo dhambi.

Anaandika makosa yote kwenye faili. Maneno yetu ni marefu kuliko yao, vitufe vinayakata. Nimemtazama mpaka chai ikapoa. Ana shingo ya marehemu mama yangu.

Jumapili, 16 Machi

Ninaandika kwa haraka.

Mnadani Mama Manka aliniuliza, mbele ya watu, "Hiyo kompyuta inayonguruma usiku kwenu mmeipata wapi, Mama Aichi? Au mnasaga mahindi?" Watu wakacheka. Nikasema nimemnunulia mwanangu kadi ya picha. Ungekuwa mwisho hapo, pengine. Lakini maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Nikasema nimeinunua Marangu, kwa Mama Godi, ilikuwa ya mwanawe aliyeko ng'ambo, na kwamba kadi kama hiyo Moshi nzima hakuna. Nikasema mama akiamua, anaweza.

Mama Manka akageukia mnada. Nikapandisha bei ya jogoo mmoja mpaka wote wakaniachia.

Nilijisikia mkubwa. Naandika ilivyokuwa.

Jumanne, 18 Machi

Ndizi hazikuja. Dereva amesema Mama Godi amemfungia geti. Nilidhani ni mgonjwa, nikapiga simu.

Hakunisalimia. Alisema, "Mama Aichi, ng'ombe wangu arudi." Akakata.

Nilimpigia tena, akapokea shemeji yake. Huyo ndiye aliyenieleza, na alifurahia kunieleza. Dada yake Mama Manka ameolewa hukohuko, kihamba cha tatu kutoka kwa Mama Godi. Habari ilipanda mlima Jumapili ileile. Ukoo wakakaa. Godi amepigiwa simu kwamba mama yake anawauzia wauza ndizi wa Pasua vitu vyake. Godi akampigia mama yake akasema, kama ulikuwa na njaa ungesema, siyo kuniaibisha.

Kumwita ng'ombe wa mwenzako kuwa ni wako. Hakuna kitu kibaya kama hicho huku kwetu. Watu wameacha kuzikana kwa sababu hiyo. Nalijua hilo tangu utotoni, na nililisahau kwa ajili ya Mama Manka.

Aichi hajafika hata nusu ya gemu. Sijamwambia.

Jumatano, 19 Machi

Nilifikiria kusema barabara imeharibika kwa mvua. Nilifikiria kusema naumwa. Siku kumi tu, mtoto amalize. Nilifikiria hayo asubuhi nzima nikiuza ndizi za mtu mwingine, mbaya, zenye madoa.

Mchana nikamwambia Aichi. Nilitegemea alie au anigombeze. Aliniangalia. Akasema, "Mama." Basi. Akahifadhi kazi yake, akazima kompyuta, akachukua bisibisi akachomoa kadi na pawa saplai mwenyewe. Nikamwambia, ngoja kwanza, hata ng'ombe mwenye mimba hahamishwi. Akasema, "Ni yake, mama." Akavifunga kwenye khanga vizuri kuliko nilivyovifunga mimi.

Ninaona aibu mbele ya mtoto niliyemzaa. Ni aibu mbaya kuliko ile ya Marangu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepanda. Nilipitia kwa kaka yangu Kilema, nikachuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chake, nikalifunga fundo. Mtu akikuletea isale kuomba msamaha, humkatalii, hata kama amekuchomea nyumba. Ndivyo tulivyolelewa. Nilipanda nikijua nitasamehewa. Nakiri nilitegemea pia kwamba nikisamehewa, kadi nitarudi nayo.

Nilimkuta uani na shemeji yake na majirani wawili. Sijui nani aliwaita. Nikapiga goti kwenye tope, nikampa isale kwa mikono miwili. Alilitazama muda. Akalipokea. Akasema, "Nimepokea." Kisha akanyoosha mkono ule mwingine. Nikampa ile khanga yenye kadi na pawa saplai. Akasema, "Na hii nimepokea."

Msamaha ni msamaha, kadi ni kadi. Sikuwa nimefikiria kwamba ni vitu viwili.

Halafu akapiga simu ng'ambo, akaniwekea simu sikioni, akasema, "Sema." Nikamwambia Godi, mbele ya wote: baba, mama yako hakuuza kitu, aliniwekesha, na mimi nikasema nimenunua kwa sababu ya majivuno. Neno majivuno liligoma kutoka, nikalisukuma. Godi akauliza, "Binti yako anafanya nini nayo?" Nikamweleza gemu. Akasema hilo gemu analijua, ni la hovyo, lilimshinda hata yeye. Akacheka kidogo. Shemeji akaondoka.

Nilipokuwa nachukua mkoba, Mama Godi akasema, bila kunitazama: "Ng'ombe wangu hashuki tena. Lakini binti akitaka maziwa, aje amkamulie hapa."

Nilisema asante mama.

Jumamosi, 22 Machi

Aichi amekwenda Marangu. Begi moja, sweta mbili. Shabani alipanda naye kurudisha kadi na pawa saplai kwenye sanduku la Godi, hakutaka malipo, alitaka ndizi. Nilimwagiza Aichi akate majani ya ng'ombe kila asubuhi kabla hajagusa kompyuta, asionekane mgeni. Akasema anajua. Amejua lini? Amezaliwa mjini.

Nyumba ina nafasi nyingi. Nimepiga pasi nguo zote.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Mama Manka ukweli, palepale mnadani, kwa sauti ileile ya siku ile. Kadi siyo yangu. Niliwekeshwa. Imerudi kwa mwenyewe. Mama Manka akasema, "Kumbe mwenzetu ulikuwa unatamba na maziwa ya watu!" Wakacheka mpaka mzee wa kanisa akageuka.

Nilikuwa na majibu mazuri matatu. Sikuyatoa. Bado yako kifuani, yananichoma.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepanda Marangu. Ndizi zangu zimerudi, mshare za daraja la kwanza.

Nilidhani nitamkuta mtoto amekonda. Amenenepa. Asubuhi majani, mchana kazi, jioni anapika na bibi yule. Wanaongea Kichagga. Aichi anakosea, Mama Godi anamrekebisha, wanacheka. Mimi nimemlea kwa Kiswahili ili afaulu, na amefaulu. Sikujua kwamba hiki kingine anakitamani.

Mama Godi anakaa nyuma yake kwenye kigoda akipukuchua mahindi, anafuatilia gemu. Yule mtu akiingia kwenye theluji bila koti, anamgombeza. "Rudi ndani wewe! Utakufa! Aichi, mwambie avae!" Jana mtu alikufa kwa baridi na Mama Godi hakula chakula cha usiku. Leo walimwanzisha upya na akaomba wamtafutie kuni kwanza, nyingi.

Kuna pango moja ambalo gemu linazimika lenyewe kila wakifika. Hata kadi kubwa haisaidii. Aichi ameandika kwamba hapo hapasomeki, kosa ni la watengenezaji. Ana wasiwasi watasema ni kisingizio. Bado siku tatu.

Nimeshuka na ndizi. Hakuna aliyenisindikiza mpaka barabarani, walikuwa wanavuka daraja kwenye gemu.

Jumatatu, 31 Machi

Ametuma. Ameniandikia ujumbe: nimetuma, mama. Nimejibu: Mungu ni mwema. Nimeuza hadi giza. Nilimrudishia mteja chenji mara mbili, na yeye akanirudishia, mtu mwaminifu.

Alhamisi, 3 Aprili

Kimya. Mvua kubwa. Aichi anasema wenzake wawili, mmoja wa Nairobi, wameshajibiwa kwamba hawakupita. Simu yangu nimeiweka karibu na mizani siku nzima. Kila ikilia, mtu anataka mshare.

Mama Manka amepita kibandani. Ameuliza, safari hii taratibu, kama kuna habari. Nimesema bado. Akanunua chane, akasema kijana wake wa India amekwama ada, yeye mwenyewe halali. Sikujua. Nimemwongezea ndizi mbili.

Jumamosi, 5 Aprili

Simu ililia mchana, nikiwa nafunika ndizi kwa turubai. Ilikuwa ya Mama Godi, siyo ya Aichi.

Alisema, "Mama Aichi, mtoto wetu amepata."

Barua iliingia asubuhi. Aichi alikuwa zizini, bibi ndiye aliyeona taa inawaka kwenye kompyuta akamwita. Walisoma pamoja. Wazungu wamesema lile pango wanalijua, na kwamba kati ya wote ni yeye peke yake aliyelifikia. Kazi ni yake. Ataifanyia hukohuko mpaka atakaponunua kompyuta yake mwenyewe, kwa mshahara wake mwenyewe. Huenda mwaka. Mama Godi amesema hata miaka miwili, chumba kipo.

Nimeambiwa wa pili. Niliumia kidogo. Kisha ikapita. Mtoto wetu, amesema. Sikumsahihisha.

Aichi alipochukua simu alicheka tu, na mimi nikacheka, tukacheka hivyo mpaka salio likaisha.

Mvua imekatika jioni. Nimefagia chumba chake. Meza yake iko wazi, karibu na dirisha, ndizi zingeiva vizuri pale. Nimepanga chache, upande mmoja.